Gari Lililovuta Kulia

Wanawake wengi wanaoendesha gari katika komini ya Kenya, wilaya mojawapo ya jiji la Lubumbashi kule Kongo, walipitia mikononi mwa Kapinga. Zamani alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, kama walivyokuwa wazazi wake waliotoka Kasai, na alipoacha chaki akashika usukani hakuiacha sauti ya darasani. Alisema kila jambo mara mbili, mara ya pili polepole, kana kwamba anayemsikiliza anaandika. Alinunua gari kuukuu, akamwomba fundi amfungie pedali za pili upande wa abiria, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: Auto-école, yaani shule ya udereva. Wanaume wa mtaa walicheka kwanza. Baadaye wakaanza kuwaleta wake zao, kwa kuwa hawakutaka wafundishwe na mwanamume mwingine.

Alikuwa mkali, na alijua kwamba ni mkali. Aliamini kuwa mtu anayejifunza gari hutafuta kisingizio kabla ya kutafuta breki, kwa hiyo visingizio hakuvipokea. Mwanafunzi aliyegonga ukingo wa barabara akasema jua lilimchoma machoni aliambiwa ashuke, autazame ukingo, kisha arudi ndani waendelee. Hawakumchukia kwa hilo. Walipopata kibali cha udereva walimletea kuku.

Gari lile kuukuu lilipokataa kabisa kuingia gia, mumewe Stanislas, anayefanya kazi mgodini Kambove na kurudi nyumbani mwisho wa juma, alisema safari hii wanunue gari ambalo halijafia kwanza mikononi mwa watu wengine. Walimwendea Guelor, mtu wa mtaani kwao anayeagiza magari kutoka nje. Guelor aliwaonyesha picha kwenye simu: gari dogo jeupe kutoka Korea, usukani wake uko kushoto kama inavyotakiwa Kongo, halina hata mkwaruzo. Litapakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha litabebwa juu ya lori kupitia Zambia mpaka mpakani Kasumbalesa.

Kapinga aliifuatilia ile meli kama mtu anayefuatilia mimba ya binti yake. Kila alipokutana na Guelor alimuuliza imefika wapi. Siku moja Guelor alimwambia itachelewa.

"Bahari ilichafuka kidogo, maman. Lakini gari iko muzuri."

Hakulifikiria tena neno hilo. Gari lilipofika Kasumbalesa alilizunguka, akafungua milango, akanusa viti, akawasha injini na kusikiliza. Lilikuwa jeupe kama kwenye picha. Chini yake hakutazama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani kwa ajili ya siku hiyo, na nani anapiga magoti katika vumbi la Kasumbalesa akiwa amevaa kitenge cha kanisani?

Mwanafunzi wa kwanza kuliendesha alikuwa Constance. Huyu ni mjane wa Kikatoliki, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Baba yake alifanya kazi ya reli, mumewe pia, na mume alipofariki alimwachia pikapu na shamba la mboga huko komini ya Annexe. Mboga alikuwa akizipakia kwenye magari ya watu hadi sokoni, nyingine zinafika zimenyauka, na pikapu imesimama uani inaota majani. Watoto walimwambia aiuze. Yeye akaenda kujiandikisha kwa Kapinga. Alijifunza taratibu, bila haraka, na katika gari lile kuukuu alikuwa karibu kumaliza.

Katika gari jipya akawa kama ameanza upya. Kila alipopunguza mwendo, gari lilisogea kulia, kuelekea pembeni mwa barabara wanakopita waenda kwa miguu.

"Maman Constance, uko navuta volan kuume," Kapinga alimwambia, akiugusa usukani.

"Miye siko navuta, maman. Gari njo inaenda," alijibu, yaani ni gari lenyewe linalokwenda.

"Gari haiende yenyewe. Inaenda kwenye mukono inaituma."

Siku iliyofuata yakawa yale yale. Kapinga akamwambia asimame, wakabadilishana viti, na akaendesha mwenyewe kutoka sokoni hadi kwenye reli, akafunga breki, akaondoka, akafunga tena. Gari lilinyooka kama uzi.

"Umeona? Iko na makosa gani?"

Constance aliitazama mikono yake mwenyewe, mikono mikubwa ya mtu wa jembe, akaificha katikati ya magoti. Mwanafunzi mwingine, kijana mmoja mwenye mabega mapana, aliliendesha gari hilo hilo bila kulalamika. Alidhani magari yote yako hivyo. Kwa Kapinga hilo lilimaliza maneno.

Asubuhi ya ajali mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mbele yao basi dogo lilisimama ghafla kuchukua abiria. Constance alikanyaga breki kama alivyofundishwa, na Kapinga kwa upande wake akakanyaga pia. Gari likaruka kulia kama limekamatwa puani. Pembeni palikuwa na mtu anayesukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makala, yale makaa yanayotoka porini kila asubuhi kuja kupikia jiji zima. Kapinga alinyoosha mkono wa kushoto akaudaka usukani. Alichelewa. Gari lilimgonga mtu yule, likaisukumia baiskeli mtaroni, na lenyewe likaegemea pale pale, gurudumu moja hewani. Kiganja cha Kapinga kilikuwa kimepindika ndani ya usukani, na maumivu yakampanda hadi begani.

Watu walijaa. Mtu wa makala aliitwa Mwenya. Alikuwa amelala kwenye tope anashika mguu wake uliovunjika chini ya goti. Walimpakia kwenye gari lililokuwa linapita. Polisi wa barabarani alipofika aliuliza nani alikuwa kwenye usukani, na vidole vyote vikamwonyesha Constance. Akamgeukia Kapinga, mwalimu, ili aeleze.

"Mwanafunzi njo alivuta volan," Kapinga alisema. "Kila siku nilikuwa namuambia."

Alilisema kwa sauti ya darasani, kila mtu akalisikia. Constance naye alilisikia. Alikuwa amechuchumaa mtaroni anaokota makaa ya Mwenya kwa mikono mitupu, anayarudisha kwenye gunia lililopasuka, na hakuinua kichwa.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Familia zilikaa, zikakubaliana namna ya kumtibu Mwenya. Constance aliuza pikapu ya mumewe ili kutoa sehemu yake. Huko Annexe, kwenye shirika, ambako familia za Kikatoliki za mtaa hukutana kila juma kusali na kusaidiana, waliomba kwa ajili ya mgonjwa, na wakaomba pia kwa ajili ya dada yetu aliyemuumiza mtu. Walikuwa na nia njema. Lakini tangu siku hiyo watoto wa jirani walimwita mama wa makala. Hakurudi tena kwa Kapinga, na Kapinga hakumtafuta. Alijiambia kwamba mwanafunzi mwenye hofu ni heri abaki nyumbani.

Bati la mbele liliponyooshwa, Kapinga alilichukua gari akiwa peke yake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umefungwa bandeji na hauna nguvu, kwa hiyo alishika usukani kwa wa kulia na wa kushoto akauweka tu juu yake. Hakuwa amefika mbali alipoona anakwenda kwenye mtaro. Alirudisha. Gari likasogea tena. Alipokanyaga breki kidogo, usukani ulimponyoka kabisa, na mama mmoja aliyekuwa anatandaza nyanya zake chini akasimama kumtazama.

Kapinga alisimamisha gari akatulia. Kwanza alifikiri: ni ule mtaro, gari liliumia siku ile. Wazo hilo lilimpa nafuu, akaendesha kwa mwendo wa konokono hadi gereji ya Fils, fundi aliyemfungia pedali. Njiani nafuu ile ilianza kumtoka. Alikumbuka mkono wake wa kushoto ulivyokuwa siku zote, wa kulia ukiwa kwenye gia na wa kushoto peke yake ukiwa umeubeba usukani. Alikumbuka kwamba jioni za majuma yale bega la kushoto lilikuwa linamuuma, na yeye akamwambia Stanislas ni uzee.

Gereji ya Fils ina shimo. Kapinga hakungoja aambiwe; alivua viatu akashuka pamoja naye. Fils alimulika kwa taa. Nyuma ya gurudumu la mbele la kulia kuna chuma kinacholishika gurudumu, mafundi wanakiita triangle. Kilikuwa kimepinda. Fils alikikwangua kwa bisibisi, na rangi nyeusi ikaanguka vipande vipande. Chini ya rangi palikuwa na kutu nyekundu, ya tabaka juu ya tabaka.

"Hii haitoke kwa mutaro," alisema Fils. "Kutu hii iko ya zamani. Muntu aliikuta, akapaka rangi juu yake."

Alisogeza taa. Mahali chuma kile kilipofungwa kwenye mwili wa gari, bati lilikuwa limechanika kuzunguka bolti, na kwenye mchaniko huo kulikuwa na nyuzi nene za rangi ya machungwa, zimenasa, zimepakwa rangi nyeusi pamoja na kila kitu. Kapinga alizivuta kwa vidole. Zilikuwa za mkanda. Magari yakiwa ndani ya meli hufungwa kwa mikanda ya namna hiyo yasitembee. Aliyefunga hili alikuwa amekosea mahali pa kutia ndoano, akaitia kwenye chuma cha gurudumu. Bahari ilipochafuka na meli ikalala upande huu na upande ule, gari zima lilining'inia kwenye chuma hicho.

Kapinga alibaki shimoni akiwa na nyuzi mkononi. Fils alizungumza juu ya kuchomelea, juu ya kipuri kipya, lakini Kapinga hakumsikia vizuri. Alikuwa anamsikia Constance akisema kwa sauti ya chini, bila kubishana, kwamba gari njo inaenda.

Guelor aliitwa akaja. Alishuka shimoni, akatazama, akapanda akijifuta mikono.

"Maman, miye nilipokea gari vile wewe ulipokea. Chini sikuona. Kule baharini ni mikanda, bandarini ni bantu bengine, njiani ni bengine. Utashitaki nani?"

"Na rangi? Nani alipaka?"

"Sijui. Kweli sijui." Alisema hivyo akiangalia chini, na Kapinga hakuweza kuamua kama anadanganya. Kisha akaongeza, kwa upole, kama anayetoa msaada: "Fils abadilishe ile triangle. Tupake rangi. Kuna muntu Kolwezi anatafuta gari ndogo nyeupe."

"Huko Kolwezi," Kapinga alimuuliza, "nani atakuwa anapita pembeni ya barabara?"

Guelor aliaga, akaondoka.

Kapinga alimweleza Stanislas yote kwenye simu. Yeye alisema kwamba Mwenya anatibiwa, familia zimekubaliana, mambo yametulia. Mtu akichokoza tena, nani atawaletea wanafunzi? Hakuwa mtu mbaya, na alilosema lilikuwa na akili. Kapinga alimwambia kwamba anajua. Asubuhi alivaa, akaenda kwa polisi kubadilisha maneno yake. Polisi alishangaa kumwona mtu anayekuja kujiongezea kosa, lakini alimsikiliza na kuandika.

Kutoka hapo alikwenda kwa Mwenya. Huyu alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, mguu umefungwa plasta na kunyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe Falonne alikuwa anauza makala kwa mafungu pale pale. Kapinga aliwaeleza yote: meli, mkanda, rangi, na alivyomsingizia mwanafunzi. Mwenya alimsikiliza akichezea ncha ya plasta.

"Maman, asante kwa kusema," alisema mwishowe. "Lakini mguu yangu haiulize ni nani. Daktari anasema haitanyooka sawa. Baiskeli sitasukuma tena."

Kapinga alikuwa amejiandaa kwa hasira, si kwa hilo. Falonne alimpa kiti; Kapinga akakaa kidogo, kisha akainuka bila kujua aage vipi.

Kwa Constance alichelewa kwenda. Kila asubuhi alijiambia leo, na kila jioni alikuwa na sababu. Hatimaye alipanda basi hadi Annexe, akaingia shambani kwa miguu. Constance alikuwa anamwagilia lengalenga, ule mchicha wa kwao, kwa mkebe wenye matundu. Alimwona, akaendelea kumwagilia.

"Maman Constance. Gari njo ilikuwa inavuta."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Maji yaliisha. Constance aliuweka mkebe chini.

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Hapana. Mukono yangu ilizoea, ilikuwa inarudisha gari bila kuniuliza. Sikujua. Lakini sikutafuta kujua."

Constance alikaa juu ya tuta. Alizungumza akiitazama mikono yake, kama siku ile ndani ya gari.

"Miye nilifikiri niko na kitu mubaya ndani ya mikono. Abigaïl, binti yangu, alizaa mwezi ule ule. Ananipatia mutoto nibebe, miye nasema niko na kazi. Nilikuwa naogopa kubeba mutoto wa binti yangu, maman. Unasikia?"

"Nasikia."

"Pikapu ya mume wangu iliisha kwenda."

"Nilisikia pia."

Hakulia, wala Kapinga hakulia. Jirani alipita na jembe akawasalimu, wakamwitikia wote wawili kama watu wanaozungumza mambo ya kawaida. Alipokwisha pita, Constance alisema:

"Umekuya kuniambia miye peke yangu, shambani. Lakini ile siku ulisema mbele ya bantu."

Kapinga alielewa. Aliuliza shirika linakutana lini.

Walikutana alasiri, kwenye uwanja wa nyumba moja, viti vya plastiki vimepangwa duara. Kapinga si Mkatoliki. Alikaa pembeni hadi nyimbo zilipoisha, kisha kiongozi akampa nafasi. Aliwahi kusimama mbele ya madarasa yenye watoto wengi kuliko watu hao, lakini sauti yake ya darasani siku hiyo haikuja. Ilikuja nyingine, ndogo, na ilibidi waliokaa nyuma wasogeze viti. Alisema Constance hakuvuta usukani. Alisema alikuwa ameambiwa na mwanafunzi wake, zaidi ya mara moja, kwamba gari lina kasoro, akamwona mwongo. Alieleza mambo ya meli kwa kifupi, kwa sababu aliona yakianza kufanana na kisingizio.

Mzee mmoja aliuliza, bila ubaya, kama mwalimu hakuweza kujua, mwanafunzi angejuaje.

"Yeye alikuwa anasikia," Kapinga alijibu. "Miye niliisha kuzoea, siwezi tena kusikia."

Constance alikaa wima katikati ya majirani zake, hakumtazama mtu. Abigaïl alikuwa nyuma yake na mtoto. Wakati kiongozi anaanza sala, Abigaïl alimwinamia mama yake akamwekea mtoto mapajani. Constance alimshika.

Gari jeupe halikurudi barabarani. Fils alisema anaweza kuchomelea bati lile, lakini alipoulizwa kama angempandisha mkewe humo, alisita. Kapinga aliona inatosha. Walilivunja: injini ikaenda kwa mtu, viti kwa mwingine, na mwili uliochanika ukakatwa uuzwe kama chuma chakavu. Hasara ile bado ipo nyumbani mwao. Kuna siku inazungumzwa na kuna siku inazungukwa tu. Guelor anaendelea kuleta magari. Wakikutana njiani wanasalimiana.

Mwenya anatembea kwa fimbo. Anakaa na mkewe kwenye makala, na Kapinga hununua hapo, ingawa kuna makala karibu zaidi na nyumba yake. Hawana mengi ya kuzungumza. Wanafunzi walipungua, kama Stanislas alivyosema, kisha wakarudi wachache. Anafundishia gari analokodi kwa mwenzake mwenye shule kama yake, na kabla ya kulikodi alilala chali chini yake na taa mdomoni, mwenye gari akicheka.

Constance hakurudi kujifunza. Alisema ameridhika na magari ya watu. Aliyekuja ni Abigaïl, akiwa amemwachia mama yake mtoto. Kapinga hakujua kama mama aliruhusu au alinyamaza tu, na hakuuliza. Walizunguka uwanja uliokuwa mtupu, na katika mzunguko wa kwanza Abigaïl alisema pedali ya kushoto ni ngumu.

Kapinga alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, lile la miaka yote, kwamba pedali si ngumu, mguu ndio mvivu. Aliufunga. Alimwambia asimamishe gari, akashuka, akazunguka mbele ya boneti hadi upande wa dereva, akakaa, akaikanyaga ile pedali mwenyewe mara kadhaa, polepole, macho ameyafumba.

"Ni kweli," alisema. "Iko ngumu kidogo. Tutaona Fils kwanza."